Alkhamisi Isiyokuwa ya Mtu

Mwanangu Zuwena,

Sanduku lako liko mlangoni. Shangazi yako amelifunga utepe wa kijani ili ulitambue haraka huko uendako, na ameukaza kiasi kwamba sijui utaufungua kwa kitu gani. Wewe umekwenda Mwanakwerekwe kuwaaga wenzako wa maabara, na umesema usisubiriwe kabla ya Isha. Alasiri ndiyo kwanza imeadhiniwa, kwa hiyo nina muda. Barua hii nitaitia katika mfuko wa ndani wa sanduku, palipo na sweta, usiione mpaka ufike. Ungeisoma hapa ingetubidi tukae tutazamane, na mimi na wewe hilo hatujalizoea.

Sitakuandikia habari za baridi ya Uholanzi, wala chakula, wala watu wa kukaa nao na wa kuwaepuka. Shangazi yako ameshayasema yote hayo, na hajafika Uholanzi. Na mimi sijafika. Kazi yangu ya gazeti imenifundisha kuandika ninachokijua na kuacha kingine. Ninachokijua ni ile Alkhamisi ya mwisho wa Ramadhani. Tangu siku ile hatujaizungumza hata mara moja, na kesho unaondoka, nami naamini ni kwa sababu yake. Nitaieleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu hujapata kuisikia kutoka upande wangu.

Mhariri alitaka makala za Ramadhani kuhusu watu wanaofanya kazi zisizoonekana. Niliichagua maabara yenu kwa sababu hapa mjini hakuna aliyekuwa akijua mnafanya nini mle ndani. Huku Jang'ombe walikuwa na hakika kuwa mnapika dawa ya kutozeeka. Mzee Haji wa dukani alinishika mkono siku moja akaniambia, "Mwambie mwanao, ikishatoka hiyo dawa mie nimo. Lakini asinirudishe kwenye ishirini, nilihangaika sana mie nilipokuwa na ishirini. Anirudishe kwenye arubaini, inatosha." Nilimwambia kuwa hakuna dawa. Akacheka, akasema ndivyo wasemavyo watu wenye dawa.

Siku ya kwanza ulinisimamisha mlangoni, koti jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Baba, hapa usiniite mwanangu."

"Nikuite nani?"

"Kama utakavyowaita wenzangu."

Nikakuita Bi Zuwena. Nilifurahi, nikuambie kweli. Nilidhani umejifunza kwangu. Siku zote nimeamini kuwa mtu wa gazeti akisogea karibu mno na anachokiandika, haoni tena. Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda cha pembeni, karibu na mtungi wa gesi, nikatazama kama ningetazama watu wa mji mwingine.

Bi Raya ndiye aliyenieleza kazi, maana wewe ulikataa kunihudumia. Alinionesha zile chupa bapa, kila moja na maji yake mekundu, zimelazwa katika kabati lenye joto sawa na la mwili wa mtu. Chini ya maji yale ndimo zilimo seli za ngozi. Rafu ya juu ni za watoto, za vijingozi vya tohara ambavyo wazazi wao wameridhia vitumike. Rafu ya chini ni za wazee wa shamba na wa mjini, waliokubali kukatwa kipande kidogo cha ngozi ya mkono. Mnazilisha, zinazaana, zinajaa chupa, mnazigawa katika chupa nyingine, zinajaa tena. Baada ya kugawiwa mara nyingi zinachoka, na siku moja hazizaani tena. Mlichokuwa mkikitafuta ni kwa nini za huyu zinachoka mapema na za yule zinachelewa.

Bi Raya alifungua mlango wa kabati, akainama kwenye rafu ya chini, akasema, "Shikamooni."

Nilidhani ananitania. Nassor, yule kijana wenu wa Makunduchi, akasema, "Usimcheke, mzee. Kila siku anawaamkia. Na siku asipowaamkia hawali."

"Si wazee wa watu hawa?" Bi Raya akajibu. "Mie nipite tu kama napita kwenye makabati ya nguo? Na weye Nassor, ungekuwa na adabu ungewaamkia."

"Mie nawaamkia wa juu. Wa juu hawanisimangi."

Kisha akanionesha chupa moja iliyohamishwa kutoka juu kwenda chini. Ilikuwa ya mtoto, lakini ilikuwa imegawiwa mara nyingi sana. "Huyu mwenyewe yuko skuli, darasa la pili," Nassor alisema. "Lakini humu ndani keshastaafu, anasubiri kiinua mgongo chake."

Hapo ndipo ulipocheka. Ulikuwa umenipa mgongo, mkono umeingia ndani ya lile sanduku la kioo mnalofanyia kazi, ukacheka mpaka ikabidi uweke chini pipeti, ule mrija wako wa kupimia maji. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu mama yako afariki. Niliandika kwenye karatasi yangu kuwa wafanyakazi wanataniana. Sikuandika zaidi ya hapo.

Nikakuuliza, kama ninavyomuuliza mtu yeyote, "Bi Zuwena, seli ikishasimama, ndiyo imekufa?"

Ukajibu bila ya kugeuka, "Hapana. Haifi. Inabaki pale pale. Inakula, inaishi. Ila haizai tena, na inawaudhi walio jirani nayo."

Niliyaandika maneno hayo kama ulivyoyasema, neno kwa neno. Ninayo bado.

Nikazoea kuja. Nilijifunza kuwa kila siku iendayo kwa Mungu lazima mtu aingie: atazame chupa, abadilishe maji yaliyochakaa, na atazame ule mtungi wa gesi, kwani gesi ile ndiyo inayoyaweka maji katika hali inayotakiwa. Seli hazijui Ijumaa wala sikukuu. Nilimuuliza Bi Raya sikukuu nani anaingia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe.

"Zuwena. Kila mwaka yeye ndiye anayeomba sikukuu mosi. Sisi wenye watoto tunamshukuru, tunakwenda zetu Mnazi Mmoja. Hukujua?"

Sikujua. Nilidhani sikukuu mosi huwa upo nyumbani. Maana mimi huwa sipo. Tangu mama yako aondoke, mimi ndiye ninayejitolea kazini sikukuu zote, na wenzangu wa gazeti nao wananishukuru. Miaka yote hiyo nilidhani nimekuacha nyumbani peke yako, na pengine wewe ulidhani umeniacha mimi. Ile nyumba ilikuwa tupu, mlango umefungwa kwa nje, na jirani akibisha na sahani ya biriani anarudi nayo. Nilipoyasikia hayo kwa Bi Raya nilitia kalamu mfukoni, nikaaga.

Siku chache baadaye ndipo lilipotokea lile.

Dokta Mwatima, mkuu wa maabara yenu, alikuwa amepanga zamu za sikukuu mapema, akazibandika kwenye mlango wa friji, kisha akasafiri kwenda Pemba kwa wazee wake. Jumatano aliandika Nassor. Mstari uliofuata aliandika "Sikukuu mosi" na jina lako. Uliofuata, "Sikukuu pili", Bi Raya. Kalenda ya ukutani ilionesha sikukuu itakuwa Alkhamisi, na kila mtu akaichukulia hivyo, na Dokta mwenyewe, ambaye katika kazi yake hachukulii kitu chochote hivi hivi.

Jumatano usiku mwezi haukuandama. Nilikuwa chumba cha habari nikisubiri tangazo, na mimi ndiye niliyeliandika: Alkhamisi tunafunga, sikukuu Ijumaa. Nassor alikuwa ameshamaliza zamu yake na kushika njia ya Makunduchi. Kwake yeye, baada yake anakuja Zuwena. Kwako wewe, zamu yako ni sikukuu mosi, na sikukuu mosi imehamia Ijumaa. Hakuna kati yenu aliyekosea kusoma. Alkhamisi ilibaki katikati, haina mtu.

Na Alkhamisi hiyo ndipo gesi ilipokwisha mtungini.

Yaliyotokea Ijumaa asubuhi nimeyapata kwa Bi Raya, uliyempigia simu akaja mbio na hina mbichi mikononi. Alikukuta umesimama mbele ya kabati lililo wazi, gauni la sikukuu chini ya koti jeupe. Maji katika chupa zote, za watoto na za wazee, yalikuwa yamegeuka zambarau. Ulikuwa umeshabadilisha mtungi. Ulikuwa hulii. Ulimwambia, "Bi Raya, nisaidie kuwalisha, mmoja mmoja, tusikimbilie kumwaga," mkakaa mpaka adhuhuri, na watoto wake Bi Raya wakampigia simu mara tatu wakimuuliza kama hawaendi tena kwenye pembea.

Nyingi hazikuzaa tena. Kazi ya miaka ikawa haifai kuhesabiwa, kwani hapakuwa na njia ya kujua ipi imesimama kwa uzee na ipi kwa mkasa ule.

Mimi nilikuwa na makala ya mwisho ya kuandika. Nikaenda, nikauliza. Nilimpata Nassor kwa simu akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeogopa, kuwa zamu ya Alkhamisi ilikuwa yako. Nilimpata Dokta Mwatima akanithibitishia kuwa alikuwa amekupangia wewe siku baada ya Nassor. Watu wawili, kila mmoja peke yake, jambo moja. Kazini kwetu hiyo inatosha. Nikaandika kuwa mfanyakazi aliyekuwa na zamu hakufika, na seli zimekufa. Jina sikulitaja. Mji huu ni mdogo, na ninyi mlikuwa wachache, sikuhitaji kulitaja.

Sasa sikiliza ninachokijua, ambacho hakikuwemo katika makala.

Alkhamisi ile asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu pale barazani. Wewe ulikuwa juu ya kiti unashusha mapazia kwenda kuyafua. Nilikuuliza, "Huendi kazini leo?" Ukasema, "Leo sina zamu, Baba. Zamu yangu sikukuu mosi, na sikukuu kesho. Leo nipo nyumbani. Nafanya futari, usichelewe." Nikasema, "Haya."

Kwa hiyo nilikuwa na shahidi wa tatu. Shahidi huyo alikuwa mimi. Nilijua, kabla sijaandika herufi moja, kuwa hukuikimbia zamu, kwamba ulikuwa umeielewa vingine, na kwamba uliielewa kama ilivyoandikwa. Nilikaa mbele ya mashine nikaliwaza hilo, na nikaliweka kando. Nilijiambia kuwa baba hawezi kuwa shahidi wa mwanawe katika gazeti analoliandikia. Nilijiambia kuwa nikikutetea watasema nimekutetea. Na kwa sababu hiyo hiyo sikukuuliza wewe. Nilimuuliza kila mtu aliyehusika isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa analala chumba cha pili.

Nilijiona mwadilifu, Zuwena. Nataka ulijue hilo pia. Sikuandika kwa hasira wala kwa haraka. Niliisoma makala mara mbili, nikaridhika nayo, nikaenda nikanunua kahawa.

Siku ilipotoka ulilileta gazeti mezani, limekunjwa pale pale. Nilingoja useme. Ukaweka kidole kwenye neno moja.

"Hazikufa, Baba. Zimesimama."

"Nitasahihisha," nikasema.

"Nilikwambia mwenyewe. Uliandika."

"Nitasahihisha."

Nikasahihisha. Wiki iliyofuata ukurasa wa ndani ulikuwa na mistari miwili, kwamba seli zilizotajwa kuwa zimekufa hazikufa bali zimesimama, na gazeti linaomba radhi. Niliomba radhi kwa seli. Nakumbuka ulikata kile kipande kwa mkasi, ukakitia katika mkoba wako, nikadhani tumemalizana.

Hayo yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Dokta Mwatima alikuondoa kwenye kabati mpaka mambo yachunguzwe, na watu waliokuwa wakiisaidia maabara kwa fedha walikuwa wameshasoma gazeti. Ukawekwa kuosha vyombo na kubandika majina kwenye chupa za wenzako. Ulitoka asubuhi, ukarudi jioni, ukapika, ukala chumbani kwako. Ukaniamkia, nikakuitikia. Hukunikosea adabu hata siku moja. Kuna jioni nilizokaa barazani nikitamani unikosee.

Baadaye Dokta aliwakusanya, akasema kosa lilikuwa lake, kwamba zamu za sikukuu haziwezi kuandikwa kwa jina la siku ambayo mwezi wake haujaandama. Alikurudisha kwenye kabati. Lakini wewe ulikuwa umeshaandika maombi ya huko unakokwenda. Hukuniambia. Nililijua siku barua ya kukubaliwa ilipofika, na niliijua kwa kumsikia shangazi yako akipiga vigelegele uani.

Sikuandiki ili nikuzuie. Kazi unayoiendea ni kubwa kuliko tuliyo nayo hapa, na Dokta Mwatima mwenyewe ameniambia kuwa mkono wako kwenye chupa hajauona kwa mwingine. Nakuandikia kwa sababu utakuwa mahali ambapo watu hawakujui, utafanya kazi na watu wapole, waangalifu, wanaoogopa kukosea, na hao ndio watu wangu. Nimeishi nao. Kosa lao ni la namna yake. Huwa wanasogea nyuma ili waone vizuri, na wakishasogea nyuma hawarudi tena. Mimi nilisogea nyuma hatua ya kwanza kwa ajili ya kazi. Mama yako alipokuwa hospitali nilikuwa nikiandika dawa alizopewa na saa alizopewa, na wauguzi walinisifu. Mwenyewe aliniambia, "Mume wangu, weka kalamu, nishike mguu, una baridi." Nikaushika. Lakini nilimaliza sentensi kwanza.

Sijui kama kuna funzo hapo. Nimekueleza kama lilivyokuwa.

Jumatatu nilikwenda kwa mhariri na masahihisho mapya, mafupi, yenye jina langu ndani yake. Aliyasoma, akavua miwani.

"Mzee, mambo haya ya Ramadhani. Nani anakumbuka sasa?"

"Mwanangu."

"Sasa si umwambie nyumbani?"

Hakuwa akinidhihaki. Ni kijana mwema, na alisema kweli. Gazeti halichapishi habari ya zamani kwa ajili ya msomaji mmoja. Nikatoka, nikapita Darajani bila ya kununua kitu, nikapanda gari ya Mwanakwerekwe.

Nilifika maabara kwenu ukiwa umetumwa benki na Dokta. Niliomba dakika chache. Nassor, Bi Raya na Dokta wakasimama pale pale penye masinki, glovu mikononi. Nikawaambia kama nilivyokuandikia hapa: kwamba Alkhamisi ile asubuhi uliniambia zamu yako ni sikukuu mosi, kwamba nilijua kabla sijaandika, na kwamba niliyaacha nje makusudi kwa sababu wewe ni mwanangu. Nassor akatazama chini. Dokta Mwatima akasema, "Hilo tulishalimaliza, mzee wangu." Nikamwambia kuwa kwake limekwisha.

Bi Raya alivua glovu, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya.

"Sasa maneno tushayasikia," akasema. "Maneno weye unayo mengi, ndiyo biashara yako. Utafanya nini?"

"Unataka nifanye nini, Bi Raya?"

"Mie nakuuliza weye."

Nikasema kuwa sijui kulisha seli. Akasema hakuna mwenye wazimu wa kuniacha nilishe seli. Nikasema kuwa naweza kukaa. Nikasema kuwa miaka yote sikukuu naitumia kazini bila ya sababu, na kwamba naweza kukaa mahali nikatazama kitu kimoja, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Nassor akacheka kwanza, halafu akaacha alipoona Bi Raya hacheki.

"Njoo huku," Bi Raya akaniambia. Akanipeleka kwenye mtungi wa gesi, karibu na kile kigoda changu. "Unauona huu mshale? Ukiwa hapa, hujambo. Ukishuka hapa, unanipigia mie. Ukishuka hapa na mie sipokei, unampigia Nassor. Hugusi kitu. Hufungui kabati. Hata ukisikia wanakuita humo ndani, hufungui."

"Na kuwaamkia?"

"Waamkie kwa nje."

Dokta Mwatima alikwenda kwenye mlango wa friji. Zamu za sikukuu ijayo zilikuwa bado, lakini alichukua karatasi mpya, akaandika mstari mmoja juu kabisa, kabla ya sikukuu mosi: "Siku ya kungoja mwezi." Akaandika na jina langu. Nikamwambia aongeze kuwa ikiwa mwezi utachelewa, na siku ya pili yake ni yangu pia. Akaongeza.

Nilikuwa nataka kukuambia jioni ile. Ulirudi umechoka, ukaniamkia, nikakuitikia, ukaingia chumbani. Nilisimama koridoni mbele ya mlango wako nikasikia unakunja nguo. Nikarudi barazani. Unaona nilivyo.

Basi Ramadhani ijayo, siku ya mwisho, nitakuwa Mwanakwerekwe kwenye kigoda, natazama mshale. Nyumba itakuwa imefungwa kwa nje kama kawaida. Kama utapiga simu siku hiyo, nipigie huko. Wala si lazima upige. Na kama hutarudi kwa sikukuu, ile ijayo wala ile itakayofuata, sitakuhesabia.

Kuna jambo moja lililobaki, na nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Alkhamisi ile uliniambia nisichelewe. Nilichelewa. Tulikuwa tunafunga kurasa za toleo la sikukuu, mtu akaleta sambusa na uji pale ofisini, nikafuturu na wenzangu wima. Nilipofika nyumbani taa ya sebuleni ilikuwa inawaka na mapazia yalikuwa yameshatundikwa, yale meupe ya mama yako, ambayo yalikuwa hayajatoka kabatini tangu azikwe. Mezani palikuwa na sahani mbili, bilauri mbili, na chakula kimefunikwa kawa. Mlango wako ulikuwa umefungwa. Nilipita. Nilikuwa nimeshiba, nikapita, sikulifunua lile kawa. Asubuhi meza ilikuwa imepanguswa na wewe umeshakwenda kazini.

Miezi yote hii nimewauliza watu juu ya Alkhamisi ile: mtungi, zamu, saa, rangi ya maji. Wewe sijakuuliza chochote. Sasa nakuuliza, na si kwa ajili ya gazeti. Nijibu ukipenda, wakati wowote, hata kwa mstari mmoja.

Ulikuwa umepika nini?

Baba yako